Salamu za Kigen

Kila jioni Chesang alipotoka shuleni, huko Lanet, alimkuta ndugu yake Kigen kwenye sakafu ya jikoni akizungusha kifuniko cha sufuria. Kigen, mtoto wa miaka sita, alikuwa na usonji. Hakusema neno, ila kifuniko kikizunguka alivuma kama nyuki mzingani, na Chesang aliipenda sauti hiyo.

Taabu ilikuwa salamu. Kwao mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa. Kigen akiguswa kichwa alipiga mayowe, na Gogo, nyanya yao, akaona aibu mbele ya wageni.

Mwalimu Mugure, aliyefundisha watoto wenye mahitaji maalum, alitaka Kigen ajifunze kwanza kuomba na kukataa kwa kugusa picha. "Lakini mama, itachukua muda," alisema. Mkufunzi mwingine aliahidi salamu upesi: kifuniko kifichwe, apewe pale tu anapoinama. Gogo alitaka salamu. Mama alisitasita, kisha akakubali.

Na kweli Kigen aliinama. Lakini aliacha kuvuma. Chesang aliliona hilo akanyamaza, maana mtoto angesema nini mbele ya wakubwa?

Jumapili moja, nyumba ikiwa imejaa watu wa kanisa, Kigen alimwendea Gogo akainama bila kuambiwa. Akamwinamia Mama. Akamwinamia Chesang, machozi yakimtiririka.

"Oneni adabu!" Gogo alifurahi, na wageni wakapiga makofi.

Chesang alimpa kifuniko. Kigen alikisukuma, akainama tena.

"Mama, hataki kifuniko. Kuna kitu."

"Wacha, Chesang. Wageni wanakula."

Chesang alibaki amemshika mkono tu. Jioni usaha ulitoka sikioni mwa Kigen. Daktari alisema sikio hilo lilikuwa limemuuma siku nyingi.

Mama alilia. "Alikuwa anatuambia kwa njia pekee tuliyomfundisha kuomba, nasi tukampigia makofi."

Walirudi kwa Mwalimu Mugure. Sasa Kigen ana picha ya sikio, ya tumbo, na ya mkono unaokataa. Juzi Gogo aliponyoosha mkono amguse kichwa, Kigen aliigusa hiyo ya mwisho. Gogo aliurudisha mkono wake.

"Sawa, mjukuu wangu," alisema. Kisha akamgeukia Chesang. "Tulimdai heshima, sisi wenyewe tukamnyima. Nawe ukiona mtu anaumia, sema. Usiposikika, sema tena, hata wageni wakiwa wanakula."

Kigen bado hajavuma. Chesang humwekea kifuniko karibu, akangoja.