Vioo Arobaini vya Daktari Ikbal

Kabati lilikuwa wazi. Kasha la mbao lililokaa humo miaka ishirini na saba halikuwapo.

Inspekta Wagdi Shalabi, aliyehamia Aswan kutoka kaskazini mwezi uliopita, alivaa glovu akainama. Kufuli la mlango wa maabara halikuvunjwa. Kwenye mpini wa kabati palikuwa na alama ya kidole gumba, ya rangi ya kutu.

"Damu," alisema.

"Hina, afande," alisema Sajini Dahab, mzaliwa wa hapo, huku akizuia kicheko.

Daktari Ikbal Marzuk, mtafiti wa saratani ya damu, alikaa kando ya hadubini yake, mikono mapajani.

"Kashani mlikuwa na nini?" Wagdi aliuliza.

"Vioo arobaini vya hadubini. Kila kimoja kina tone la damu ya mtoto niliyemtibu. Wakaguzi wa dawa wanakuja saa sita mchana. Wakiviona, dawa mpya itaanza kutolewa hapa. Wasipoviona, watoto kumi na mmoja wodini watasubiri mwaka mzima."

"Wataweza kusubiri?"

"Baadhi yao."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Wagdi aliwapanga wauguzi na wafagizi wa kike ukumbini, akakagua kiganja kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa safi.

"Hina kazini? Daktari angetusugua kwa spiriti mpaka mifupa!" alisema muuguzi Nagafa. "Lakini endelea kunishika mkono, afande. Mama yangu atafurahi."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wagdi aliona haya.

"Afande," Dahab alinong'ona, "unakagua wanawake tu. Huku kwetu, kukiwa na harusi, hata wanaume hupakwa."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa umezama kazini. Niliona vibaya kukukatiza."

"Nani ana harusi?"

"Mzee Shazli, mpika chai. Binti yake anaolewa leo jioni."

Wagdi akakumbuka. Mzee huyo ndiye aliyewaletea chai asubuhi, sinia ameishika kwa taulo, ingawa vikombe vilikuwa vya vuguvugu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Walimkuta jikoni, anaosha glasi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mzee wangu, nionyeshe mikono."

Shazli aliitoa majini. Viganja vilikuwa vyekundu kwa hina.

"Ufunguo wa maabara anao nani?"

"Mimi. Hufungua milango alfajiri."

"Kasha liko wapi?"

Mzee alielekeza kidevu kwenye gunia la maua ya chai ya karkade. Wagdi akachimbua maua makavu, akalitoa. Ndani, kila kioo kilikuwa kimeviringishwa kwa pamba.

"Kwa nini hukuvitupa mtoni?"

"Nitupe watoto wa watu?" Shazli alishtuka. Kisha machozi yakamtoka. "Binti yangu Samah aliugua ugonjwa huo akiwa na miaka tisa. Daktari akamponya. Wakwe hawajui. Na mmoja wa wakaguzi wa leo ni mjomba wa bwana harusi! Nikasema akisoma jina la Samah, harusi imekufa. Nikatafuta jina nikitoe kioo chake tu. Nikakuta namba tupu. Kukawa kunapambazuka, nikabeba lote."

Daktari Ikbal alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Shazli, umenipikia chai miaka yote hii. Hukuniuliza?"

"Niliona aibu, Daktari. Umeturudishia mtoto, nije tena kukuomba?"

"Tangu nianze kazi hii sijaandika jina la mgonjwa kwenye kioo. La kumwambia mume ni la Samah mwenyewe. Si langu, si lako."

Akamgeukia Wagdi. "Inspekta, naondoa malalamiko."

"Nitaandika hivyo," alisema Wagdi. "Ila naye aandikishe maelezo, na ufunguo aurudishe."

"Aurudishe. Lakini kwanza anisaidie kufungua pamba hizi."

Walifungua wote wanne, polepole, mezani pa maabara. Saa tano vioo thelathini na tisa vilikuwa vimepangwa. Cha mwisho Daktari alikiweka chini ya hadubini, akamvuta mzee kwa bega.

"Tazama. Hizi ni chembe za damu ya Samah, za mwaka aliopona."

Shazli alifumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni mingi," alisema kwa sauti ndogo. "Miduara, Daktari. Yote mizima."

"Yote," alisema Daktari Ikbal. "Haya, nenda ukamwoze."