Redio Anaishiwa Sauti

Kinyozi mmoja alipewa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Alinyoa huku anasimulia, na mwenye wembe shingoni hana ujanja wa kubisha.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Mwezi baada ya mwezi ikafifia, na wateja wakaongezeka.

"Shemeji, usimtibu huyu," fundi viatu wa jirani alimwambia mke wa Redio. "Leo nimenyolewa mpaka nikasinzia."

Mke alicheka, lakini roho haikutulia. Mumewe akipanda ngazi alihema, na akivuta pumzi koo lilipiga mluzi. Alimpa tangawizi, akampa asali, akamwazimia dawa ya pumu. Mluzi ukabaki palepale.

"Vumbi la nywele tu, mama watoto," Redio alinong'ona.

Siku moja akaja muuguzi kunyolewa ndevu. Alipomaliza shavu la kwanza, Redio akasikia mkono wake umeshikwa.

"Bwana, huo mluzi ni wako au wa feni?"

"Wangu. Pumu hiyo."

"Pumu mara nyingi hulia mtu akitoa pumzi. Wewe unalia ukivuta. Sauti iliharibika lini?"

"Mwaka jana," mke alidakia kutoka mlangoni.

"Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nendeni kwa daktari wa koo. Na pumzi ikibana hivi, ni leo, si kesho."

"Ngoja nimalizie shavu la pili," Redio alisihi.

Mke alishamvua aproni. Muuguzi akawasindikiza hospitali, nusu ya uso ina povu.

Daktari alipitisha puani mrija mwembamba wenye kamera. Akapiga picha ya shingo, kisha akachukua kipande kidogo kikapimwe maabara. Majibu yakaja: uvimbe wa gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika kama sikio. Umeota ndani ya koo, panapotoka sauti.

"Ni wa nadra," daktari alisema. "Ni saratani, ila hii hukua polepole. Vidonge haviuyeyushi. Tutautoa kwa upasuaji na kujitahidi kuiokoa sauti."

"Waulize kwanza wateja wangu kama wanaitaka," Redio alinong'ona.

Mke hakucheka. Alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Sasa Redio anapumua bila mluzi, na hurudi kupimwa kila anapoitwa, maana uvimbe huo unaweza kuota tena. Sauti imerudi, nzito kidogo. Siku ya kwanza kazini alianza kisa cha mbuzi aliyekula kofia ya mteja.

"Haya, imewashwa," fundi viatu aliguna.

Mke alikijua kisa hicho chote. Akavuta kiti, akakaa.

"Ehe," akasema, "ikawaje?"