Mimi Si Mgeni Hapa

Kila asubuhi Mama Pacha aliwaacha watoto wake kwa bibi yao, akaenda chuo cha ufundi. Alisomea umeme. Alitaka awe fundi, aache kufua nguo za watu.

Pacha mmoja akaugua. Mama Pacha alikosa masomo siku kadhaa. Aliporudi, mwalimu wa umeme alimpokea kwa tabasamu.

"Karibu, mgeni," alisema. "Umetuletea zawadi gani?"

Darasa likacheka. Ndivyo alivyomwita kila aliyekosa masomo. Yeye aliona ni utani tu. Utani gani huo wa kumfukuza mtu? Mama Pacha aliumia. Somo halikumwingia, na hakuna aliyemweleza. Jioni alimwambia mama yake kwamba chuo basi.

Viti katika darasa la umeme vilizidi kubaki wazi. Mwalimu alimlalamikia jirani yake, mwalimu wa ushonaji, kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Darasa la jirani huyo lilikuwa limejaa, na yeye hakumung'unya maneno.

"Unawafukuza mwenyewe," alisema. "Mtu akikosa, mimi humpigia simu siku hiyo hiyo. Namuuliza ana shida gani. Akirudi, namkalisha na mwenzake amwelekeze yaliyompita. Kurudi kuna aibu yake, ndugu yangu. Usimwongezee."

Mwalimu wa umeme alinuna. Alisema yeye ni fundi, si yaya. Hata hivyo, mchana alimpigia Mama Pacha, akamuuliza hali ya mtoto, akamwomba arudi.

"Mtoto amepona," alijibu. "Nitarudi, mwalimu. Lakini mimi si mgeni hapo. Ukiniita hivyo tena, nitakujibu mbele ya wote."

"Sitakuita tena. Nilikosea."

Alirudi. Mwenzake alimwelekeza, na taa aliyoifunga ikawaka. Mwalimu aliwapigia simu na wengine. Viti vikaanza kupata watu.

Siku moja mvua ilimchelewesha mwalimu. Aliingia amelowa chapachapa. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kazi wenyewe. Mama Pacha akasimama. Kila mtu alijua neno gani linakuja.

"Karibu, mwenyeji," alisema. "Vuta kiti, nikuelekeze yaliyokupita."

Mwalimu akavuta kiti.