Upande wa Pili wa Barabara

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Wateja ndio waliompa jina hilo, maana hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake na kifungo kilicholegea. Alishonea kwenye chumba cha mbele. Cherehani ilikaa dirishani, na kitanda cha mama mkwe wake kilikaa ukutani, ili wawili hao wapige soga mchana kutwa.

Mama mkwe alikuwa amevunjika nyonga. Mfupa ulikwisha kuunga, lakini mguu ulikuwa bado mzito. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimwambia bila kumficha: "Mama, uje kila wiki. Ukiacha, mguu utakakamaa, na hutatembea tena."

Siku ya kliniki ilipofika, Mama Vifungo alimletea viatu. Mama mkwe alivisukuma chini ya kitanda kwa fimbo yake.

"Siendi."

"Mama, leo ni mazoezi."

"Mazoezi ya kufa! Bodaboda ile ya juzi ilinirusha kwenye kila shimo. Naenda kunyooshwa mguu, narudi nimepinda mgongo. Na yule dereva anaendesha kama kaiba!"

Mama Vifungo alitaka kucheka, lakini moyo ulimuuma. Teksi wangeweza kuilipia mara moja moja tu, si kila wiki.

"Basi twende na basi," alisema.

Mume wake, fundi mwashi, alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alidakia palepale.

"Basi gani? Lile la Mzunguko? Jina lenyewe linakwambia! Nililipanda mama alipolazwa, likanitembeza mji mzima. Nafika wodini, muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

Tangu siku hiyo neno hilo lilikuwa tusi nyumbani kwao. Mtu akichelewa kutoka sokoni, aliulizwa kama amepanda Mzunguko.

Basi mama mkwe hakwenda kliniki. Wiki iliyofuata hakwenda tena. Mguu ukaanza kuwa mgumu, na hata kuketi kitandani akawa anataka kushikwa. Mama Vifungo alishona huku machozi yanamlengalenga.

Jumamosi moja alikuja jirani yao, mwanamke aliyekuwa kondakta wa mabasi ya mji. Zipu ya sketi yake ya kazi ilikuwa imekufa. Alimkuta mwashi na mkewe wakimwinua mama.

"Mama, mguu haujapona? Kliniki mnakwenda na nini?"

"Hatuendi," alijibu Mama Vifungo.

"Na Mzunguko unapita mlangoni mwa hospitali!"

"Umtembeze mama mji mzima?" mwashi aliuliza.

"Ulipandia wapi, shemeji?"

"Kituoni, hapa mbele ya kinyozi. Kwani kuna kingine?"

Kondakta alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji! Umeshika sikio la kulia kwa mkono wa kushoto, tena kwa kupitia kisogoni!"

Alichukua chaki ya fundi akachora duara kwenye meza ya kukatia nguo.

"Huu ndio mji. Mabasi ya Mzunguko ni ya namna mbili. Moja linazunguka kwa kulia, jingine kwa kushoto. Ukipandia kwa kinyozi, unaanza sokoni, unapita uwanja wa mpira, kiwanda cha matofali, na mwisho kabisa ndiyo hospitali. Vuka barabara. Pandia penye duka la dawa. Kituo cha kwanza ni shule, cha pili ni hospitali."

Mwashi alikuna kichwa. "Yaani basi halikuwa na kosa?"

"Halikuwa na kosa. Soma kibao cha mbele, kinasema Kulia au Kushoto. Kama huna hakika, tuulize. Makondakta hatuumi."

"Na mimi nitapandaje?" mama mkwe aliuliza.

"Vukeni kwenye mistari myeupe, magari yakishasimama. Njooni baada ya watu kwenda kazini, basi halijai. Mwonyeshe dereva fimbo, atasogea karibu na ukingo. Viti vya mbele ni vya wazee na wagonjwa. Na useme kwa sauti, 'Dereva, usiondoke, sijakaa!'"

Siku ya kliniki walivuka pole pole. Mwashi alitangulia, mkono juu kama trafiki. Ndani ya basi mama mkwe alipaza sauti, "Dereva, usiondoke, sijakaa!" Abiria wote wakageuka, na dereva akasubiri. Punde si punde kondakta akaita hospitali.

"Tumefika?" mama mkwe alishangaa. "Hata sijaanza kulalamika!"

Hakukosa kliniki tena. Mguu ukalegea taratibu. Aliacha kushikwa mkono, akabaki na fimbo yake. Kisha asubuhi moja alimwambia mkwewe, "Leo baki na cherehani yako. Najua njia." Mama Vifungo alisimama dirishani mpaka basi lilipoondoka.

Mchana ulifika, mama hakurudi. Mama Vifungo hakuweza hata kutunga uzi. Mara simu ikalia.

"Mama, uko wapi? Umepotea?"

"Nipotee kwa lipi? Nimemaliza mazoezi, nikaendelea na basi mpaka kwa mdogo wangu, huku kwenye kiwanda cha matofali. Tangu nivunjike hatujaonana. Tumelia weee, sasa tunacheka. Msinisubiri kula."

Mwashi aliingia akamkuta mkewe anafuta machozi.

"Kuna nini? Mama yuko wapi?"

"Mama," alisema Mama Vifungo, "amekwenda kutembea."