Zambarau Kwenye Chemchemi

Kila siku akitoka shule, kazi ya kwanza ya Kiguu ilikuwa kubeba maji machafu ya shangazi yake. Kiguu si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa na wenzake kwa sababu alikuwa kiguu na njia wa kweli, msichana asiyetulia hata akiwa na homa. Mwalimu akimwambia kaa, anakaa. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, Kiguu keshafika dirishani kutazama pimbi wakiota jua mlimani.

Na mlima wenyewe ulikuwa wa kutazamwa. Ulikuwa msururu mfupi wa vilele vya mawe ya chokaa, vyeupe na vilivyochongoka, kama meno ya mtoto aliyeanza kung'oa. Mvua ikinyesha hukuona kijito hata kimoja. Jiwe lilikuwa limetobokatoboka kila mahali, na maji yalizama humo yakapotea. Mizizi ya mikuyu ilishuka ukutani ikitafuta unyevu. Konokono walijigandisha kwenye nyufa wakisubiri masika, na jioni popo walitoka mapangoni kwa maelfu wakaenda kula mbu. Kiguu alijua tundu la kila ndege. Mwulize jedwali la tisa, hapo ndipo utamsikia akikohoa.

Shangazi yake alikuwa fundi wa kutia rangi vitambaa. Yeye ndiye aliyemchukua Kiguu na kumlea, akamnunulia sare na viatu, yote kwa mikono yake iliyobadilika rangi kila wiki. Maji yanayobaki kwenye mapipa yalikuwa na rangi kali na magadi, yakikurukia ngozi inawasha. Nyumbani kwao usingeweza kuchimba shimo la kuyamwaga, maana ukipiga jembe unakutana na mwamba. Kwa hiyo shangazi alichimbiwa shimo mbali, kule bondeni kwenye udongo mwekundu, likatandazwa mchanga na mkaa wa kuchuja. Safari ya huko na ndoo mkononi ilikuwa adhabu tosha.

Na njiani, karibu kabisa na nyumba, palikuwa na Koo.

Koo lilikuwa ufa mwambani, mpana kama mlango, unaotoa hewa baridi hata wakati wa joto kali. Halikujaa kamwe. Watu wa upande ule walitupa humo makopo, betri zilizokufa, kuku walioanguka kwa kideri, na hakuna aliyewahi kuviona tena. Shangazi peke yake ndiye aliyekataa. "Mimi sijui vinakwenda wapi," alisema, "na kitu nisichojua kinakokwenda sikipeleki."

Wiki hiyo kwaya moja ilikuwa imeagiza sare za zambarau, na mapipa yalifurika. Wiki hiyo hiyo makinda ya mbayuwayu chini ya jabali yalikuwa yamejaa mdomoni mwa kiota, tayari kuruka. Kiguu alikuwa ameyangoja tangu mayai. Akabeba ndoo ya kwanza, akatazama njia ya bondeni, akatazama juu kwenye jabali. Miguu ilimwasha. Mara moja tu, akajiambia. Akaimwaga ndoo ndani ya Koo. Koo likagugumia kidogo, likanyamaza. Basi akamwaga ya pili, na nyingine, mpaka mapipa yakabaki matupu. Halafu huyo, mbio jabalini. Mbayuwayu hawakuruka jioni ile.

Kesho yake shule nzima ilikuwa na habari moja. Shule ilikuwa upande wa pili wa mlima, upande wa chemchemi, ambako nusu ya mji ilichota maji.

"Maji yametoka ya zambarau," alisema jirani yake wa dawati. "Tumbili wamekunywa, sasa wana ndevu za zambarau. Nimewaona kwa macho yangu."

Darasa lilicheka. Kiguu naye alicheka, huku mikono akiificha chini ya dawati.

"Ni yule Vumbi," mwingine akadakia. "Kamati ya maji wamemzimia tanuri leo asubuhi."

Vumbi alikuwa mchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa mteremkoni juu ya chemchemi. Alichoma mawe, akayasaga, na wateja wakitaka aliwachanganyia chokaa na unga wa rangi wa kupakia kuta. Alikuwa mweupe wa vumbi kuanzia kope mpaka kucha, na ndiye aliyemwonyesha Kiguu kiota cha kwanza cha mbayuwayu.

Kiguu alijitetea kimoyomoyo siku nzima. Maji huteremka. Yeye alimwaga upande wa kwao, na upande wa kwao mlima umeelekea bondeni, mbali na chemchemi. Maji yangepandaje mgongo wa mlima yakaja kushukia huku? Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea aliijua. Lakini kengele ya mwisho ilipolia alikuwa wa kwanza kutoka.

Alifika chemchemini akihema. Maji yalikuwa yameanza kung'aa, lakini pembeni, kwenye majani yaotayo majini, utando wa rangi ulikuwa bado. Hakuhitaji kuambiwa ni zambarau ipi. Ilikuwa ile ile iliyokuwa chini ya kucha zake. Akachota kiganjani, akanusa. Magadi.

Vumbi alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya tanuri lililopoa.

"Karibu, Kiguu. Leo unaweza kuligusa, halichomi."

"Shikamoo. Kwani kamati wamesemaje?"

"Marahaba. Wanakaa kesho jioni. Wakiamua ni mimi, tanuri linabomolewa na mimi nafunga virago." Alipangusa uso, akajiongezea vumbi. "Nimewaambia sijachanganya zambarau tangu mwaka jana. Wamenijibu kuwa huku juu ya maji hakuna mwingine ila mimi. Na kweli, hakuna. Hata mimi ningekuwa wao ningejishuku."

Akacheka kidogo. Kiguu hakuweza.

"Halafu umewakosa," Vumbi akaongeza. "Mbayuwayu wako wameruka leo asubuhi, wote."

Kiguu alifungua mdomo aseme. Neno likafika kwenye meno, likarudi. Aliaga akaondoka karibu anakimbia, na njia nzima aliona aibu hata ya kutazama jabali.

Nyumbani hakukalika. Aliingia jikoni akatoka. Alishika daftari akaliacha. Alikwenda kwenye mapipa, akarudi, akafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Akisema, kazi ya shangazi itafungwa, na wote wawili watakula nini? Asiposema, mtu aliyemfundisha kutofautisha mbayuwayu na barawaji, ndege anayefanana naye, atafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Na ubaya ni kwamba hakuna aliyemshuku. Angeweza kukaa kimya mpaka azeeke.

"Wewe leo umekalia siafu?" shangazi aliuliza, akianua vitambaa kambani. "Hebu simama hapo nikuone."

Kiguu akasimama. "Shangazi, nimeyamwaga kwenye Koo."

"Umemwaga nini?"

"Maji ya rangi. Yote. Nilitaka kuwahi mbayuwayu. Na chemchemi imetoka zambarau, na Vumbi wanataka kumbomolea tanuri."

Shangazi alikunja kitambaa polepole, akakikunjua, akakikunja tena. Kiguu alitamani apigwe kofi yaishe. "Ukinyamaza," shangazi alisema mwishowe, "hakuna atakayejua. Chemchemi iko kule, sisi tuko huku. Hata mimi nisingejua." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa, na Kiguu hakuwahi kumwona shangazi akiogopa. "Wakinifungia kazi hii, mwanangu, nyingine siijui."

Akakaa kwenye kigoda, akatazama mikono yake. Halafu akainuka.

"Yule bwana ana watoto kama wewe," alisema. "Kesho tunakwenda wote. Lakini utasema wewe. Aliyemwaga ndiye atakayesema."

Mkutano ulifanyika kwenye kibanda cha mashine ya kusaga, kwa kuwa mwenye mashine ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Kiguu alisimama mbele ya watu, akaeleza tangu ndoo ya kwanza. Hakuficha wala hakupunguza. Alipomaliza alitegemea wamkaripie.

Badala yake walicheka.

"Binti," mwenyekiti alisema, akijifuta machozi ya kicheko, "una moyo mzuri, unamtetea rafiki yako. Lakini Koo liko nyuma ya mlima. Maji yapande kilele yaje huku, yana miguu?"

"Nilimwaga mimi," Kiguu akasema. "Nilinusa magadi. Chokaa haina magadi."

"Mama, mchukue mtoto," mwenyekiti akamwambia shangazi. "Na wewe pia usimwache akutie matatani bure."

Mlango wa kujinasua ulikuwa umefunguliwa, tena wazi kabisa. Shangazi angeweza kumshika mkono wakaenda zao. Hakwenda. "Mwanangu ni mtundu," alisema, "lakini hajanitia aibu ya uongo. Kama hamwamini, pimeni."

Hapo akasimama muuguzi wa zahanati, mama mmoja mwenye maneno machache. "Mimi nina jambo linanisumbua," alisema. "Kila mvua zikianza, watoto wa upande huu wanajaa kwangu wakihara. Upande ule siwaoni. Tunatia dawa kwenye chemchemi, wanapona, mvua inarudi, nao wanarudi. Sijawahi kujua uchafu unaingilia wapi. Mlima huu una matobo mengi, na hakuna aliyeingia ndani akaona maji yanapita wapi. Tujaribu. Mwoka mikate ana rangi ya keki, hiyo haidhuru mtu. Tuimwage kwenye Koo, tuone."

Jumamosi asubuhi, mbele ya mashahidi, rangi yote ya kijani ya mwoka mikate ilimwagwa kwenye Koo, na ndoo nyingi za maji zikafuatia. Kisha watu wakazunguka mlima wakaenda kukaa chemchemini.

Kungoja huko kulimtesa Kiguu kuliko kosa lenyewe. Alikwenda kwenye maji, akarudi kwa shangazi, akapanda kwa Vumbi, akashuka tena kwenye maji. Kitu cha ajabu ni kwamba alikuwa anaomba kosa lake lithibitike. Rangi ikitoka, shangazi yuko hatarini. Isipotoka, tanuri linabomolewa leo leo, nyundo zimeshaletwa. Hakujua moyo wake aupeleke upande gani, ila macho yake hayakutoka mahali maji yanapotokea chini ya jiwe.

Jua likapanda, likapita utosini. Maji yalitoka meupe. Pimbi walijitokeza wakawatazama watu, wakachoka wakaenda zao. Watu nao wakaanza kuchoka.

"Nilisema mimi," mwenyekiti alinung'unika. "Mashine yangu imelala bure." Vumbi aliokota kijiti akawa anakivunjavunja.

Mwenyekiti akainama kunawa uso kabla ya kuondoka. Akajimwagia maji, akapuliza, akatoa leso yake nyeupe mfukoni, akajifuta. Alipoishusha, watu wote walikuwa wanamkodolea macho.

"Nini?" akauliza.

"Leso yako, mheshimiwa," Vumbi akasema kwa upole.

Leso ilikuwa ya kijani. Wote wakageukia chemchemi. Rangi ilikuwa inakuja kutoka chini ya jiwe, kwanza nyepesi, halafu nzito, mpaka kidimbwi kizima kikawa kama jani bichi. Tumbili juu ya mkuyu wakaanza kupiga kelele. Kiguu akaangua kilio, na hakujua analia kwa furaha au kwa hofu.

Mwenyekiti aliikunja leso akaitia mfukoni. Kisha akaenda kwa Vumbi, akampa mkono mbele ya watu wote. "Nimekukosea. Washa tanuri lako."

"Nitaliwasha," Vumbi alijibu. "Ila nyundo hizo ziacheni. Tutazihitaji kugongea vyuma vya uzio kwenye Koo."

Kazi ya shangazi haikufungwa, kwa sababu shimo lake la bondeni lilikaguliwa likaonekana halina kosa. Koo lilisafishwa, na vilivyotolewa humo hakuna aliyetamani kuvitazama mara mbili. Kila nyumba ya upande ule ilikuwa na chake mle ndani. Kiguu alipangiwa kusaidia kila Jumamosi mpaka kazi iishe, na hakulalamika. Mvua za kwanza zilipokuja, muuguzi alikaa zahanati akingoja watoto wa kuhara. Walikuja wachache tu, na mvua iliyofuata wakapungua tena.

Jioni moja Kiguu na shangazi walikuwa wakirudi kutoka bondeni na ndoo tupu. Muuguzi aliwakuta wamepumzika karibu na uzio, akaketi nao.

"Nikuulize," alimwambia Kiguu. "Walipokucheka pale mkutanoni, kwa nini hukuondoka? Walikuwa wamekusamehe bila kukuamini."

Kiguu alifikiri. "Ningeondoka, Vumbi angebaki."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akamgeukia shangazi. "Umesikia? Sisi watu wazima tulitupa vitu humu miaka yote, tukadhani vimekwisha kwa kuwa hatuvioni. Kumbe vilikuwa vinakwenda kwa watoto wa wenzetu." Akamshika Kiguu bega. "Wewe ulikosea kama sisi. Tofauti ni kwamba uchafu wako ulikuwa na rangi, na ulipouona ukasema ni wangu. Shika hilo, mwanangu. Unachokitupa kinafika kwa mtu, hata kama humjui. Na ukishajua kimefika kwa nani, nenda ukamwambie, hata kama hakuna anayekushuku."

Juu yao popo walianza kutoka pangoni. Shangazi alingoja Kiguu aruke mbio kwenda kuwatazama, kama kawaida yake. Kiguu alibaki ameketi, amezikumbatia ndoo zake.

"Huendi?" shangazi akauliza.

"Naenda," Kiguu akasema. "Nikishaziosha ndoo."