Mwaridi wa Bi Thuraya

Albano hakuwa mwizi, tuanzie hapo. Alikuwa muuza miche, na muuza miche akiona mti mzuri vidole humwasha. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara pale Mbezi Luis, na kila baada ya siku arobaini alikwenda Kunduchi kupogoa mwaridi wa Bi Thuraya, mjane wa Kiarabu aliyeishi peke yake nyuma ya ukuta mrefu.

Mwaridi ule haukujua msimu. Ukikata maua yaliyonyauka, siku arobaini baadaye yamerudi mengine, mekundu ya kukolea. Masharti ya bibi yalikuwa mawili: kata haraka, na usitoke na hata kijiti. Kisha aliingia ndani na kujifungia. Albano alizoea kumsikia akiguna huko chumbani, kama mtu aliyeziba mdomo... Akadhani ni uzee. Wazee wana maumivu yao.

Jioni moja ya Machi, jua likiwa limeshuka usawa wa ukuta, alikata maua manne na kijiti kimoja cha ziada. Monica, mpambaji wa kumbi za harusi, alikuwa amemwomba mawaridi ya aina hiyo hadi kuomba kukamchosha. Alipokata kijiti, ndani ya nyumba mtu alipiga yowe moja fupi. Albano akakiviringisha kwenye gazeti lililoloweshwa, akakitia kifuani, akaondoka bila kuaga. Aibu ilimfuata mpaka Goba, hapo ikamwacha.

Nyumbani alimpa mkewe Eufrazia akichomeke. Kwa wauza miche mkono ndio kila kitu, na barabara nzima ilijua kwamba Eufrazia akichomeka hata ufagio, utatoa majani. Alichovya kijiti kwenye utomvu wa alovera, akakisukuma kwenye kiriba, kifuko cha plastiki chenye udongo na samadi. Mwiba ukamchoma kidole gumba. Damu ikadondokea udongo.

Haikutapakaa. Ilinyonywa.

"Haka kana kiu," Eufrazia akacheka, akajifuta kwa kanga.

Siku arobaini. Mche wa kawaida ungekuwa bado unatafuta mizizi. Huu ulipasua kiriba, ukajizamisha uani, ukafika kiunoni, ukatoa maua tisa siku moja. Ulinukia waridi, lakini ukisogea karibu ulinuka bucha.

Monica aliagiza yote. Saa kumi na moja jioni Albano akashika mkasi. Eufrazia alikuwa jikoni akikuna nazi.

Akakata la kwanza.

"Albano..." mkewe akaita. "Nimejikata, na sijui na nini."

"Funga kitambaa, nakuja."

Akakata la pili.

Kitu kizito kikaanguka jikoni. Alikimbia. Eufrazia alikuwa sakafuni, bega limepasuka, mkono wa pili umefunguka kiwikoni mpaka mfupa unaonekana. Hapakuwa na kisu popote. Nazi yote kwenye ungo ilikuwa nyekundu.

Albano aligeuka kutazama uani. Vikonyo viwili alivyokata vilikuwa vinachuruzika damu. Woga ukageuka hasira. Akanyakua panga, akaufyeka mwaridi kwa nguvu zake zote, na tawi lenye maua saba yaliyobaki likaruka.

Nyuma yake Eufrazia alitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Ubavu ulikuwa umefunguka kutoka kwapani hadi nyongani.

Panga likamdondoka.

Majirani walimkuta hivyo, panga miguuni, mke kwenye damu. Nani angeuliza mara mbili? Sebastian, kaka yake Eufrazia aliyekaa nyumba ya tatu, alimpiga ngumi mpaka meno mawili yakatoka. Kilichomwokoa ni Eufrazia mwenyewe. Akipakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali alirudia maneno yaleyale: "Msimpige. Alikuwa uani. Hakunigusa." Alishonwa nyuzi sitini na mbili.

Kesho yake Albano alikwenda Kunduchi, mdomo umevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulichukua kijiti."

Bi Thuraya hakuwa akiuliza. Alipandisha mikono ya dera lake. Kutoka kiganjani hadi begani palikuwa na makovu juu ya makovu. Albano alikumbuka miaka mitatu ya kumpogolea, na kila mguno aliousikia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekata?"

"Basi wa kwangu siukati tena. Uache unyauke."

"Ua lisipokatwa linafanya tunda, mwanangu." Sauti yake ilishuka ikawa mnong'ono. "Wifi yangu Manal alikuwa na wake. Alichoka, akasema liacheni. Tunda lilipoiva tulimkuta kitandani amekauka. Nilimnyanyua kwa mkono mmoja."

"Mke wangu akate mwenyewe, basi..."

"Aliyepanda hawezi. Mkono unagoma. Lazima mtu mwingine, na mie nilikuchagua wewe kwa kuwa mkasi wako hausiti."

"Nani alianza haya?"

"Mie nilipewa nipande siku ya harusi yangu. Aliyenipa naye alivaa mikono mirefu."

Arobaini ilipofika, maua yalikuwa kumi na manne. Yalinyauka baada ya siku tatu, na chini ya la kwanza kitu cha kijani kikaanza kuvimba. Asubuhi hiyo midomo ya Eufrazia ilipasuka kwa ukavu. Alikunywa maji mpaka akatapika, na kiu ikabaki palepale.

Saa kumi jioni alikaa mkekani uani, kanga imekunjwa mdomoni, mashuka ya zamani pembeni. Sebastian alikaa nyuma yake, amemshika mabega. Alikuwa amesimuliwa maneno ya Bi Thuraya, lakini bado hakumwamini shemeji yake.

"Kata," akasema. "Mie nikiona umemgusa, nakuua."

Albano akakata.

Sebastian aliona ngozi ya dada yake ikifunguka yenyewe kwenye kifundo cha mkono. La pili likachana paja, la tatu shavu. Kufikia la nane Sebastian alikuwa analia kwa sauti, na Albano alikuwa hauoni mkasi kwa machozi, lakini mkono haukusita. Kufikia la kumi na nne Eufrazia alikuwa ameacha kuuma kanga.

Walimfunga mashuka. Alikuwa hai. Akafumbua macho.

"Yameisha?"

"Yameisha."

"Safari ijayo yatakuwa mangapi?"

Albano aliutazama mwaridi. Mti mchanga ukiukata tawi moja hutoa mawili. Hilo huwafundisha wateja wake kila siku. Chini ya kila kikonyo kilichokuwa kikivuja, vichipukizi viwili vyekundu vilikuwa tayari vimetokeza.

"Machache," akasema.

Eufrazia naye aliutazama mwaridi.

"Unoe mkasi," akamwambia.