Jina la Mtu wa Shimoni

Kwanza ilikuwa harufu. Nyumba ya Cleophas pale Shirere haikuwahi kuwa na taa ya kabaidi, zile walizovaa wachimba dhahabu kichwani, lakini kila alasiri mvua ilipoanza kugonga mabati, chumba kilinuka kabaidi na udongo mbichi. Hapo mwanawe mchanga alianza kulia, akakataa ziwa.

Mwaka huo wa kwanza wa uhuru, Wazungu wengi walikuwa wakifunga virago. Mmoja, mpimaji wa madini, alimwachia Cleophas, fundi wa redio, mashine yake ya kutafutia dhahabu: kisanduku chenye sindano iliyoruka palipofichwa kitu ardhini. Fundi hawezi kuona kitu kizima akakiacha. Cleophas alikifungua, akakiunga na spika, kisha akagundua kwa bahati tu kuwa ukikiweka kifuani mwa mtu, spika hutoa sauti ya jambo alilolificha. Majirani walicheka, wakaja kupimwa, halafu wakaacha kuja. Khalayi, mkewe, hakukisogelea hata siku moja.

Alikuwa na sababu. Kabla ya Cleophas alimpenda Protus, mchimbaji, ambaye alipenda kumpangusa shavu kwa kidole gumba chenye udongo, akimchokoza. Shimo lilimwangukia Protus kabla hajapeleka ng'ombe hata mmoja wa mahari kwa kina Khalayi. Baba yake Khalayi akamwambia msichana halii matangani kwa mtu asiye mumewe. Basi hakulia. Alimeza kilio, akaolewa, akapika, akacheka na wageni, na watu wakamsifu kwa utulivu. Utulivu gani! Yule mwanamke alikuwa amezika mtu ndani yake mwenyewe.

Mtoto alipoanza kukonda, Mama Ayuma, mama mkwe wa Khalayi, alikuja kutoka Khwisero kumtafutia jina. Desturi inajulikana: mtoto asiyenyamaza anatafutwa na marehemu. Unawataja waliokufa mmoja mmoja, na anaponyamaza, huyo ndiye aliyerudi. Akawataja wa ukoo wote, hata mjomba mlevi ambaye hakuna aliyetaka arudi. Mtoto alizidi kulia.

"Wetu wameisha," akanong'ona. "Khalayi, kwenu kuna mtu hamkumlilia?"

"Hakuna, Mama."

"Hanyonyangi, hanyamazangi. Huyu atatuacha."

Khalayi akampakata mtoto. Kulitaja jina lile katika nyumba ya mumewe kulikuwa kumpa Protus mtoto wa Cleophas.

Subira ya Cleophas ikaisha. Mvua ikimwagika na harufu ya kabaidi ikiwakaba koo, alichukua kisanduku akakiweka juu ya kifua kidogo cha mwanawe, na sindano ikaruka ikagota mwisho, na spika ikakoroma, na humo mawe yakasikika yakiporomoka, maji yakidondoka, mtu akikohoa vumbi, hadi sauti nzito ya kiume, isiyoweza kutoka katika mwili ule mchanga, ikaita:

"Khalayi. Huku chini ni baridi. Wenzangu wote walililiwa. Mimi nani amenililia?"

Mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa. Pumzi yake ikaanza kukatika.

"Protus," Khalayi akasema. "Protus wangu."

Harufu ikatoweka. Mtoto akavuta pumzi, akageuza uso, akashika ziwa na kunyonya kwa pupa.

Cleophas alikiondoa kisanduku kifuani mwa mtoto.

"Ulikuwa unampenda sana?" akauliza polepole.

"Sana."

"Basi ndilo jina lake." Akabeba kisanduku, akatoka nacho mvuani bila kofia.

Hapo kilio cha miaka yote kikampanda Khalayi kooni. Alifungua kinywa, lakini Mama Ayuma akakiziba kwa kiganja, macho yamemtoka kwa hofu.

"Nyamaza, mwanangu! Mtu akirudi haliliwi. Ukimlilia unamrudisha shimoni, na mtoto anaenda naye."

Khalayi akameza tena. Kilimkata kuliko mara ya kwanza. Aliyempenda alikuwa mapajani pake, mzima, na angemwita mama maisha yake yote. Chozi moja tu likamponyoka.

Mtoto akaacha ziwa. Akainua mkono wake mdogo, akampangusa shavu kwa kidole gumba, taratibu, akitabasamu, na kidole kikamwachia alama ya udongo mbichi.